Kromosomu hazikukataa kuachana, zilishindwa kungojana

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tanga. Wa mwisho, wa kike, nilimzaa nikiwa na miaka 39, na sasa ana miezi mitano. Tulipimwa damu, tukaambiwa ana hali ya Down. Daktari alisema "kromosomu zilikataa kuachana", akanipa karatasi yenye namba, na nyuma yangu foleni ilikuwa ndefu. Tangu siku hiyo nasikia mengi: nilibeba ndoo za maji, nilikula udongo, nilichelewa kuanza kliniki. Naomba unieleweshe. Kwa kawaida kromosomu huachanaje, nani huziachanisha, na kwangu kilikosekana nini?

Jibu: Marahaba, dada yangu, na hongera ya mtoto.

Nianze na hilo linalokunyima usingizi. Ndoo za maji hazikuhusika. Udongo haukuhusika, una madhara yake mengine, minyoo na upungufu wa damu, lakini hili halimo. Na kliniki, hata ungeianza wiki ya kwanza, isingebadili kitu. Jambo lenyewe lilitokea kabla mimba haijatunga, au katika saa zilezile za kutunga. Siku ulipojijua una mimba, hesabu ya kromosomu, zile nyuzi zinazobeba urithi ndani ya kila seli, ilikuwa imeshafungwa.

Daktari hakukudanganya. Msemo huo wa kromosomu "kutoachana" tunautumia sisi sote tangu Calvin Bridges alipochunguza inzi wadogo wa matunda huko Marekani mwaka 1913. Ila unaleta picha ya vitu viwili vilivyogandamana vikakataa kubanduka, na picha hiyo huwasumbua sana akina mama. Kwa wengi waliobeba mimba baada ya miaka 35, kinachoonekana kwenye mayai mara nyingi ni kinyume chake: kromosomu ziliachiana mapema mno, kabla hazijapangwa. Kuvuta kromosomu ni kazi nyepesi. Kazi nzito ni kuzishika mpaka wakati wake ufike, na ukitaka kuelewa yai lako lilipatwa na nini, inabidi tuanze na hizo protini zinazoshika.

Kila seli ya mwili ina kromosomu 46: 23 kutoka kwa mama, 23 kutoka kwa baba. Seli ikitaka kugawanyika, kwanza hunakili zote, kila kromosomu ikawa na nakala mbili zilizo sawasawa. Hapo ndipo watu wengi hufikiri nakala hizo hukaa kila moja kivyake zikisubiri kugawanywa. Hapana. Hukaa zimeungana, kama doti ya kanga. Unaijua doti inavyotoka dukani: vipande viwili, pindo lilelile, mji uleule, jina lilelile, na katikati hakujakatwa. Huwezi kuchanganya doti moja na nyingine maadamu haijakatwa. Sasa fikiria duka lenye doti 46 tofauti, zote zikatwe kwa mpigo mmoja, kila mteja kati ya wawili aondoke na kipande kimoja cha kila doti, bila kukosa hata kimoja. Ukianza kukata ovyo kabla hujazipanga, vipande vitachanganyika, na mteja mmoja ataondoka na viwili vya doti moja, mwingine bila.

Kinachoshikilia doti hiyo ndani ya seli ni protini iitwayo kohesini. Iligunduliwa mwaka 1997 na makundi mawili, la Kim Nasmyth kule Vienna na la Douglas Koshland kule Baltimore, na wote walikuwa wakifanya kazi na hamira, hamira hii hii inayoumua maandazi. (Usishangae. Vijidudu vya hamira hugawanya kromosomu zake kwa protini zinazofanana mno na zetu, na karibu kila nitakalokueleza hapa lilianzia huko au kwa wadudu.) Kohesini ina umbo la pete. Protini tatu zimeshikana mwisho kwa mwisho zikafanya duara, ya nne imekaa juu yake, na nyuzi mbili za urithi, nakala pacha, zimepita ndani. Upana wa pete hiyo ni nanomita 40 hivi. Ungepanga 25,000 ubavu kwa ubavu upate milimita moja. Pete hizo huvishwa wakati uleule kromosomu inaponakiliwa, kwa hiyo seli haihitaji kutafuta baadaye nani ni pacha wa nani. Hawajawahi kuachana.

Wakati wa kugawanyika ukifika, kromosomu hujikunja na kunenepa, na pande mbili za seli zinaanza kutoa nyuzi. Nyuzi hizi zimejengwa kwa protini nyingine, tubulini, na hazitulii: hurefuka, hukatika ghafla, huanza upya, kama mtu anayepapasa gizani akitafuta kitasa cha mlango. Kila kromosomu ina vitasa viwili, kimoja kwa kila nakala, vikitazama pande tofauti. Kitasa hicho tunakiita kinetokori, na kimejengwa kwa aina zaidi ya 100 za protini. Za kwanza kabisa kujulikana zilipatikana kwa njia ambayo hadi leo inanigusa: kulikuwa na wagonjwa wa ngozi kukakamaa, ambao miili yao ilitengeneza kingamwili dhidi ya sehemu fulani ya seli zao wenyewe. Mwaka 1985 Earnshaw na Rothfield walitumia damu ya wagonjwa hao kama kurunzi, wakaona kingamwili hizo zimeng'ang'ania palepale kwenye vitasa vya kromosomu. Kwa binadamu kila kitasa hushikwa na nyuzi kama 15 hadi 20. Kwa hamira, uzi mmoja tu.

Sasa hapa ndipo pana jambo ambalo wanafunzi wangu wengi hulipita haraka. Nyuzi zinapapasa, kwa hiyo hukosea. Inatokea nakala zote mbili za kromosomu moja zimeshikwa na nyuzi za upande mmoja. Zikivutwa hivyo, seli moja itapata mbili, nyingine haitapata. Seli inajuaje kwamba imekosea? Haina macho. Haiwezi kuhesabu.

Inajua kwa mvutano. Umeona mchezo wa kuvuta kamba: pande zote mbili zikivuta, kamba inakazika, upande mmoja ukiachia, kamba inalegea na kila mtu anajua. Nakala zikishikwa na nyuzi za pande mbili zinazopingana, pete zikazizuia zisiachane, katikati panakazika. Zikishikwa na upande mmoja, panalegea. Bruce Nicklas na mwenzake Koch walilionyesha hili mwaka 1969 kwa seli za panzi. Nicklas alichukua sindano ya kioo nyembamba kuliko unywele, akaipenyeza kwenye seli hai chini ya darubini, akaikamata kromosomu iliyoshikwa vibaya na kuivuta. Maadamu sindano inavuta, ule mshiko mbaya ulidumu, seli ikiudhani mzuri. Alipoacha kuvuta, nyuzi ziliachia na kromosomu ikageuka kutafuta mshiko mwingine.

Leo tunaijua protini inayofanya kazi ya kuachia. Inaitwa Aurora B, na hukaa katikati kabisa, baina ya vile vitasa viwili. Kitasa kisipovutika hubaki karibu nayo, nayo hukitia alama ya fosfeti ambayo hulegeza vidole vinavyoshika nyuzi. Uzi unachomoka, unapapasa tena. Kitasa kikivutika kutoka pande zote mbili kinasogea mbali na Aurora B, alama haikifikii, na mshiko unakuwa imara. Hakuna msimamizi anayetazama yote kwa pamoja. Kila kromosomu inajaribu na kukosea mpaka iupate mkazo.

Uone basi kazi ya pete. Hazishiki nakala ili zisipotee tu. Bila pete hakuna kinachopinga nyuzi, bila upinzani hakuna mkazo, na bila mkazo seli haina namna ya kutambua mshiko mzuri na mbaya. Kromosomu hupangwa vizuri kwa sababu bado zimefungwa. Shika hilo, tutarudi kwenye yai.

Kuna na ulinzi wa pili. Hata kama kromosomu 45 zimeshapangwa na moja bado inazungukazunguka, seli nzima husimama kuingoja. Mwaka 1991 Rong Li na Andrew Murray, na upande mwingine Andrew Hoyt na wenzake, walipata hamira zenye kasoro ambazo hazikujua kungoja: ziliendelea kugawanyika hata nyuzi zikiwa zimevunjwa kwa dawa, zikafa. Jeni walizozipata walizipa majina Mad na Bub, na sisi binadamu tunazo. Hivi ndivyo zinavyofanya kazi: kitasa kisichoshikwa na uzi hukusanya protini ya Mad2, huibadilisha umbo, na kuiachia itembee ndani ya seli kama mpiga mbiu. Mad2 iliyobadilishwa humkamata mwenzake aitwaye Cdc20, ambaye bila yeye amri ya kuachanisha haiwezi kutoka. Kitasa kimoja kinatosha kutoa mbiu ya seli nzima.

Conly Rieder alilithibitisha mwaka 1995 kwa namna ambayo naipenda sana kuisimulia darasani. Alitumia seli za mnyama mdogo wa Australia mwenye kromosomu chache na kubwa, zinazoonekana vizuri. Akangoja mpaka seli imebakiza kromosomu moja tu ambayo kitasa chake kimoja hakijashikwa, akakichoma kitasa hicho kwa mwale wa leza. Kromosomu ilikuwa bado haijapangwa, lakini mpiga mbiu alikuwa amekufa, na seli ikaanza kugawanyika. Mwaka huohuo Nicklas na Xiantong Li walitumia njia nyingine kwa seli za vunjajungu: walivuta kwa sindano kromosomu iliyokuwa imeachwa peke yake, na mkazo ule wa sindano ukaituliza seli, ikaendelea na safari.

Kitasa cha mwisho kikishikwa, mbiu inakoma. Cdc20 anakuwa huru, anaungana na mtambo mkubwa wa protini ambao kazi yake ni kutia protini nyingine alama ya kuvunjwa. Moja ya zinazovunjwa ni sekyurini. Kazi yote ya sekyurini ilikuwa kulifunga domo la protini nyingine, separesi, na separesi ndiyo mkasi. Mkasi ulikuwa ndani ya seli muda wote, karibu na pete muda wote, umefungwa tu. Sekyurini ikiondoka, separesi inakata pete hizo mahali maalum. Frank Uhlmann na Nasmyth waliuonyesha ukataji huo mwaka 1999. Nyuzi zilikuwa tayari zinavuta. Kwa hiyo pete zinapokatika, nakala 46 zinaruka huku na 46 kule, zote kwa pamoja. Ukiitazama filamu yake chini ya darubini, seli imetulia kwa muda mrefu kana kwamba hakuna kinachotokea, kisha ghafla inafunguka.

Kipimo cha mwanao kimetoka kwenye kituo hichohicho cha kungoja. Fundi wa maabara alichukua damu kidogo, akaiweka kwenye joto la mwili kwa siku kama tatu, akiwa ameiongezea protini itokanayo na maharage mekundu inayoziamsha seli nyeupe zigawanyike. Mwishoni akatia dawa inayovunja nyuzi. Vitasa vyote vikabaki bila uzi, mbiu ikapigwa, seli zikasimama zikingoja, kromosomu zikiwa nene na nakala zake bado zimeshikana katikati. Kisha zikalowekwa kwenye maji ya chumvi kidogo mno ili zivimbe, zikagandishwa kwa kimiminika chenye asidi ya siki, zikadondoshwa kwenye kioo, zikatiwa rangi. Ndiyo maana kromosomu kwenye picha zina umbo la X. Mtu akakaa, akazihesabu moja moja; kwa watoto wengi wenye hali hii hufika 47 badala ya 46.

Na kituo hicho hicho ndicho dawa kadhaa za saratani hukitumia. Lile ua dogo la rangi ya waridi, lenye petali tano, linaloota hata kwenye nyua zetu na ambalo asili yake ni Madagaska, lina vinkristini, dawa inayozuia nyuzi zisijengeke. Seli za saratani zikikwama kungoja muda mrefu mno, nyingi hufa. Watoto wenye uvimbe wa taya ambao Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 akiwa Mulago, Kampala, hutibiwa nayo hadi leo pamoja na dawa nyingine. Nimetoka kidogo nje ya swali lako, lakini naona ni vizuri ujue kwamba protini hizi si za vitabuni tu.

Turudi kwenye yai.

Mgawanyo niliokueleza ni ule wa seli za mwili. Yai na mbegu ya kiume hutengenezwa kwa mgawanyo wa namna nyingine, wa hatua mbili, kwa sababu lazima kromosomu zipungue kutoka 46 hadi 23. Katika hatua ya kwanza, doti mbili zinazolingana, ile uliyoipata kwa mama yako na ile ya baba yako, hukaa pamoja, hubadilishana vipande, na kufungwa kwa pete zilizo kwenye mikono ya kromosomu. Hivyo sasa una vipande vinne vimeshikana. Pete za mikononi hukatwa kwanza, na doti mbili huachana zikiwa kila moja bado haijakatwa. Pete za katikati, penye vitasa, lazima zibaki mpaka hatua ya pili, ambayo katika yai hukamilika mbegu ikishaingia. Kuna protini inayozilinda zisiguswe na mkasi katika ile hatua ya kwanza. Kundi la Yoshinori Watanabe huko Tokyo lililoielezea mwaka 2004 liliiita shugoshini, kutokana na neno la Kijapani la roho mlinzi.

Hatua ya kwanza ilianza lini katika mayai yako? Hapa naomba usome taratibu. Ilianza wewe ukiwa tumboni mwa mama yako. Mimba yako ilipokuwa ya miezi michache, mayai yako yote yalikuwa yameanza kugawanyika. Yalinakili kromosomu, yakabadilishana vipande, yakafungwa pete, kisha yakasimama. Ulizaliwa nayo, milioni 1 hadi 2 hivi, yote yamesimama palepale. Tangu ulipovunja ungo, kila mwezi kwa kawaida moja limeamshwa limalize kazi. Yai lililokuja kuwa mwanao lilingoja miaka 39 na ushei, na pete zake zilivishwa bibi yake akiwa na mimba yako.

Na kwa kadiri utafiti unavyoonyesha, pete hizo hazivishwi upya. Mwaka 2010 maabara kadhaa zililipima hili kwa panya. Pete zilizofungwa kabla panya jike hajazaliwa ndizo hizohizo zinazofanya kazi anapopevuka, na katika mayai ya panya wazee pete zilikuwa zimepungua sana, na hata shugoshini, yule mlinzi, alikuwa amepungua. Katika mayai ya wanawake, kadiri umri unavyokwenda, kromosomu zinaonekana zikikaa mbalimbali zaidi na wenzake, na nyingine zimeshaachiana kabisa kabla nyuzi hazijaanza kuvuta.

Sasa unaona kwa nini nilikwambia ushike habari ya mkazo. Pete zikiwa zimechakaa, doti mbili zinazopaswa kupangwa pamoja zinaelea kila moja kivyake. Nyuzi zinazishika zikiwa peke yake. Hakuna wa kupingana naye, mkazo hauaminiki, Aurora B haina cha kutegemea. Yai nalo ni seli kubwa mno, karibu mara kumi kwa upana kuliko seli nyingi za mwili, na mbiu ya kitasa kimoja kidogo ndani ya nafasi hiyo yote haina nguvu ileile. Kupanga nyuzi peke yake, katika yai la binadamu, huchukua karibu saa 16. Katika saa hizo kromosomu 21, iliyo fupi kuliko zote zisizo za jinsia (ndiyo, ni fupi hata kuliko ya 22, waliozipanga kwa namba walikosea kidogo), ilielekea upande usiotakiwa. Yai likabaki na mbili. Mbegu ya baba ikaleta ya tatu.

Hivyo ndivyo inavyotokea mara nyingi. Kwa kila watoto 10 wenye kromosomu 21 ya ziada, 9 hivi ziada hiyo imetokana na yai. Najua takwimu hiyo inaweza kugeuzwa rungu la kumpigia mwanamke, kwa hiyo niseme waziwazi: mbegu za kiume zinatengenezwa upya kila siku, kutoka mwanzo hadi mwisho ni siku kama 74, pete zake mpya kabisa. Yai limelinda pete zake miongo minne. Tofauti ni ya muda wa kungoja. Hakuna chakula, sala, kazi wala tabia ya mwanamke iliyojulikana kuzivisha upya.

Uwezekano wenyewe, kwa mama wa miaka 25 ni kama mtoto 1 katika 1,200. Kwa wa miaka 35 kama 1 katika 350. Kwa wa miaka 40 kama 1 katika 100. Maana yake hata kwa mama wa miaka 40, watoto 99 katika 100 huzaliwa bila hali hii, na maana yake pia kina mama wadogo huwapata, kwa sababu wao ndio wanaozaa zaidi. Kromosomu nyingine hukosea vilevile, ila mimba zake nyingi hazifiki mbali; karibu nusu ya mimba zinazoharibika katika miezi ya mwanzo huwa na hesabu ya kromosomu isiyo sawa. Kromosomu 21 ina jeni chache, na ndiyo sababu mtoto mwenye tatu huweza kukua tumboni, kuzaliwa, kunyonya na kucheka.

Hali hii iliitwa kwa jina la John Langdon Down, daktari wa Uingereza aliyeieleza mwaka 1866 bila kujua inatoka wapi. Kromosomu ya ziada ilionekana huko Paris mwishoni mwa miaka ya 1950 na Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin. Gautier ndiye aliyeianzisha maabara ya kukuza seli zilizotumika. Kati ya hapo, kwa miaka zaidi ya 90, wazazi waliambiwa kila aina ya sababu. Naona baadhi ya sababu hizo bado zinatembea mitaani kwenu.

Sasa chukua ile karatasi. Kama imeandikwa 47,XX,+21, basi niliyokueleza ndiyo habari ya mwanao: kromosomu 21 ya tatu imekaa huru, peke yake. Ndivyo ilivyo kwa watoto 95 hivi katika 100 wenye hali ya Down. Ukitaka kuzaa tena, uwezekano wa kujirudia huhesabiwa kuwa asilimia 1 hivi, au ule wa umri wako ukiwa umezidi hapo. Kama kuna 46 na 47 zote mbili zimetenganishwa kwa mstari, ina maana baadhi ya seli zake zina ziada na nyingine hazina. Lakini kama imeandikwa 46, na mbele yake kuna herufi der au rob na namba mbili kama 14 na 21, sahau habari yote ya pete na umri. Hapo kipande cha kromosomu 21 kimeungana na kromosomu nyingine, na kinaweza kuwa kimetoka kwa mzazi aliye na afya kamili bila kujua. Wewe na baba yake mtahitaji kupimwa damu wote wawili kabla ya mimba nyingine, na itafaa ndugu zenu nao wajue.

Karatasi hiyo iweke pamoja na kadi yake ya kliniki, na uende nayo kila unapompeleka. Muulize daktari habari ya kupima tezi ya shingo kwa damu, na masikio yake, maana yote mawili yakichelewa kujulikana humchelewesha mtoto kujifunza. La moyo ndilo la kutangulia. Karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na kasoro ya moyo, na nyingine hazisikiki daktari anaposikiliza kifua kwa kipimo chake. Usiridhike kuambiwa anaonekana mzima. Omba moyo wake upigwe picha kwa mawimbi ya sauti. Kasoro kubwa zaidi hutakiwa kurekebishwa katika miezi hii hii ya mwanzo, naye ana mitano. Kama bado hajapimwa, hilo lifanye wiki hii.